Nyumba ya Mama Haikupata Mnunuzi

Mocímboa da Praia, 1966

Kaka Abibo,

Amani ya Mungu ikufikie huko Lindi, wewe, wifi na watoto. Mihogo imetoka vizuri, ila samaki ni haba, kwa kuwa askari wanawazuia wavuvi kwenda kisiwa cha Rongui.

Nyumba tumeinadi tangu vita vianze. Kila asubuhi Mama alifagia ua akisema, "Huenda leo akaja mtu." Watu waliitazama, wakaisifu, wakaenda zao. Nani anunue nyumba wakati majirani wanafunga mizigo?

Mmoja tu aliitaka kweli: Germano, mshona nguo aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Awasse na watoto wake. Hakuwa na fedha, akatoa cherehani yake na mbuzi. Nikamsihi Mama tukubali, tupande chombo tuje kwako. Akajibu, "Abibo ameandika tusiitupe nyumba ya baba yake. Tungoje."

Tukangoja. Mvua zilipoanza homa ikampata, na dawa hatukupata. Tulimzika Ijumaa, kaka. Najua uliandika kwa kumtakia mema. Siku ya mwisho aliniuliza kama umemwandalia mahali pa kulala. Nikamwambia ndiyo.

Jana Germano alikuja kutoa pole. Nyumba hakuitaja. Nikampa ufunguo, awalaze watoto ndani. Cherehani nimemwachia, ndiyo inayowalisha.

Nitapanda chombo cha kwanza nitakachopata. Utakapokuja kunipokea, usimtafute mtu nyuma yangu.

Dada yako,
Atija