Ndizi za Harusi Kwenye Daftari la Joto

Jumatatu, 8 Septemba

Saa tatu, kipimo kama kawaida. Juu ya jana 27.1, chini 16.3. Nimekung'uta kipimajoto cha juu kirudi chini, nimefunga kibanda cha vipimajoto, nimekimbilia basi la Bukoba. Macho. Foleni hadi saa saba, miwani mpya, na bado naona vilevile. Hata Kibeta kwa binti yangu sikupita. Nimerudi Kimwani jua linazama, miguu imevimba. Uani nimemkuta shemeji Kamugisha, mdogo wake marehemu mume wangu, na watu wake. Mwanawe anaoa Jumamosi. Wamenisalimu kwa furaha iliyozidi. Sikuuliza. Nimechoka mie.

Jumanne, 9 Septemba

Kipimajoto cha juu kinasema 35.2!

Nimefuta miwani. Nimesoma tena. 35.2. Miaka ishirini na sita nasoma kibanda hiki, tangu nilipokuwa nafundisha jiografia, hata thelathini na mbili hakijawahi kufika. Sisi Kagera si watu wa rekodi. Joto wanalo watu wa pwani, baridi wanayo watu wa Makete. Sisi ni chai iliyosahauliwa mezani.

Nikapiga simu ofisi ya hali ya hewa Bukoba palepale. Binti aliyepokea alishangilia. Anasema wanaandaa orodha ya nchi nzima, kila mkoa na joto lake la juu kabisa, la chini kabisa, na jina la kituo. La chini la Kagera tayari ni letu, 10.4, lile la Julai, miaka kumi na miwili sasa. Na la juu nalo likiwa letu? Kimwani mara mbili kwenye mstari mmoja!

Nimeringa mchana kutwa. Nimemwambia hata mwenyekiti wa kijiji, na kumwambia yule kitu ni kukipeleka sokoni.

Jumatano, 10 Septemba

Juu ya jana: 27.4. Joto gani hili la siku moja? Nimempigia mwalimu mwenzangu aliye Muleba mjini. Jumatatu alivaa sweta.

Ndipo nikazunguka kibanda. Ilinipasa kuzunguka jana.

Nyuma ya uzio, hatua nne tu, kuna kichuguu cha majani ya migomba na udongo. Kinafuka moshi. Upande ule wa kibanda rangi nyeupe imekuwa kahawia. Kamugisha kachimba shimo la kuvundikia ndizi za rubisi, pombe ya harusi! Kawasha moto Jumatatu mchana nikiwa Bukoba, kafukia jioni, akanichekea uani. Kwa nini hapo, kibanja chote hiki? Eti, "Shemeji, si ndipo pamefyekwa?" Nimepafyeka mimi! Kibanda kinataka nyasi fupi. Alidhani moto ukizimika na joto limekwenda zake. Kipimajoto cha juu hakisahau. Kinabaki pale kilipofika mpaka mtu akikung'ute.

Nimemfokea hadi sauti ikakauka. Halafu nikakumbuka aliyekimbilia simu ni mimi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepiga Bukoba, nimesema ukweli. Kisha nikapewa mkaguzi. Anakuja kesho. Kama 35.2 ilikuwa ndizi, anauliza, ile 10.4 ilikuwa nini? Amefungua nakala ya daftari langu. Kwenye nafasi ya maelezo ya siku ile niliandika mwenyewe: "Mazishi ya mume wangu saa nane." Anasema hajawahi kusikia mjane anayesoma kipimajoto siku ya kumzika mumewe. Anadhani nilijaza baadaye, kwa kubuni. Ikifutwa hiyo, na daftari zima halitaaminika tena.

Mwenyekiti naye kaja. Ninyamaze, anasema, rekodi ikitambuliwa tutachimbiwa kisima. Waitu! Kisima na kipimajoto wapi na wapi? Njiani watu wananiita Mama Joto. Natamani kumrushia mtu kiatu.

Ile asubuhi naijua. Nyumba imejaa, watu wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, kila mmoja ananipa pole. Nilikwenda kibandani kwa sababu pale hakukuwa na mtu wa kunipa pole. Nilisoma nikilia. 10.4. Sikubuni.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkaguzi kafika saa nne. Kijana, viatu vinang'aa. Kalitazama shimo, kanusa, kazuia kicheko. Nimekata 35.2 kwa mkono wangu, nikaandika: "Moto wa shimo la ndizi. Kosa la msomaji." Hiyo imekwisha.

Kisha Julai. "Kuna aliyekuona ukisoma, mama?" Sina karatasi nyingine. Sina picha.

Kamugisha alikuwa uani anakanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi. Katoka humo bila kuitwa, nyasi na maji ya ndizi hadi magotini. Kamwambia mkaguzi: "Mheshimiwa, andika. Alisoma. Nilimfuata nikamtukana mbele ya waombolezaji, nikasema ni mke gani huyu, mume hajazikwa yeye anapima baridi. Uliza kijiji kizima. Na baridi ilikuwepo. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu." Baada ya hapo hatukusemezana miezi minne, mimi na yeye. Hilo hakulisema.

Mkaguzi kaandika yote. Kaenda kuwauliza wazee wawili, karudi, kapanda pikipiki yake. Hakusema ndiyo wala hapana. Watu wa ofisi!

Jumapili, 14 Septemba

Juu 26.8. Chini 16.0. Mawingu kidogo.

Harusi imepita salama. Nimecheza, magoti yananiuma. Ujumbe wa mkaguzi umeingia baada ya ibada. Joto la juu la mkoa wameandika kituo kingine. La chini limebaki. Kagera, 10.4, Kimwani.

Kamugisha kaja na kibuyu cha rubisi iliyobaki. Kakiweka mlangoni, kasimama. "Siku ile nilikukosea, shemeji." Miaka kumi na miwili, ndiyo leo. Nimemwambia shimo lake liko wazi bado, mbuzi watavunjika miguu.

Amekwenda kuchukua jembe. Namsikia anafukia. Rubisi ni tamu. Ina moshi kidogo.