Habari Tuliyokuficha, Fundi Randa

Leo mwaka umetimia, mzee wangu, tangu usinzie mchana kwenye kile kiti cha mikono ulichokitengeneza mwenyewe, usiamke tena.

Ulikuwa seremala wa milango. Tukipita mtaani ulikuwa unagusa mlango wa watu kwa kiganja, unasikiliza bawaba, kisha unaninong'oneza, "Huu wangu. Ule pale kautengeneza adui." Penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mjukuu akivunja kitu unamwambia, "Lete nikikague kwanza, hatuziki kitu kizima."

Moyo ulipoanza kukusumbua, daktari alisema usibebe vizito, usishtuliwe. Hilo la pili nililishika kwa mikono miwili. Nikafunga karakana. Nikazima redio. Kinyozi jirani yetu akija na ubao wake wa drafti, akiita kutoka nje, "Randa! Toka upigwe! Mzee mzima unajificha nyuma ya mkeo?" mimi namjibu, "Amelala, shemeji."

Hukuwa umelala. Ulikuwa umekaa unanitazama.

Siku moja ukasema, "Bibi wee, mbona mmeanza matanga nami bado nakunywa chai?" Nikacheka. Nilidhani utani.

Kisha dada yako mkubwa akafa, yule aliyekulea. Tulikaa jikoni, mimi na watoto, tukakata shauri usiambiwe, moyo wako usije ukashindwa. Tukakuacha na mkwe wetu, tukakuaga kwamba tunakwenda harusini. Niliporudi ukaniuliza, "Bibi harusi alivaaje?" Nikakueleza. Mungu anisamehe, nilikueleza mpaka viatu.

Dada yako alikuwa anapiga simu kila Ijumaa asubuhi kukugombeza. Ijumaa ya kwanza tukasema simu yake imeharibika. Ya pili vilevile. Ya tatu hukuuliza. Chakula kikakushinda. Vidonge ukawa unavisahau, wewe ambaye hukuwahi kusahau kipimo cha mlango wa mtu.

Tulipokwisha kukuzika, muuguzi wa kliniki ulikokuwa unapimwa moyo alikuja kunipa pole. Akanishika mkono. "Bibi, mzee alijua. Aliniambia, 'Dada yangu hawezi kukaa Ijumaa tatu bila kunisema. Huyo kafa. Ila nyumbani wasijue kwamba najua, wataona wamenikosea.' Akalia pale kwangu kama mtoto. Nilimsihi awaambie, hakutaka." Nikamuuliza kama ni sisi tuliokuua. Akasema moyo wako ulikuwa mgonjwa kweli, hakuna ajuaye. Lakini akasema majonzi ya kumeza peke yako nayo ni mzigo, na moyo mgonjwa unayabeba hayo hayo.

Kumbe vizito hatukukuzuia kubeba.

Basi nakwambia leo, nimechelewa. Hapakuwa na harusi. Dada yako alifariki Jumanne asubuhi, mkono wake mkononi mwa bintiye. Hakuteseka sana. Alikuulizia. Alisema mlango wa jikoni kwake unakwaruza chini, uende ukautazame, na usijitie ugonjwa.

Tunakukumbuka mimi mkeo, wanao watatu, mkwe wako, wajukuu, binti wa dada yako, na shemeji kinyozi, ambaye anasema bado hujampa nafasi ya kukupiga. Sasa akija namfungulia, anakaa karibu na kiti chako, tunakulilia wote.

Hatutakusahau, Fundi, siku zote tulizobakiza.