Hodi Kwenye Ghala la Mvinyo

Neema mjukuu wangu,

Huku Woolwich tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama. Umeniuliza mbona napiga hodi kwenye nyumba ninayoishi peke yangu.

Tulipokuwa vijana, mimi na babu yako tulikodi gari lenye vitanda ndani, tukazunguka mashamba ya zabibu ya Kent tukionja mvinyo bila haraka. Kwenye ghala moja nikapiga hodi, mazoea tu. Sauti ikaitika ndani: "Karibu, mwanangu." Kiswahili kabisa, huku ugenini! Nikasukuma mlango. Ndani mlikuwa na mapipa tu.

Tangu hapo siingii mahali kana kwamba hapana mtu. Babu yako alinicheka kwa hilo hadi alipofariki.

Jana nilirudi kutoka sokoni, nikapiga hodi. Aliyenikaribisha alikuwa anacheka.

Bibi yako