Mkeka Ulioelekea Dirishani

Mwanangu Rehema,

Sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mpaka simu ikaisha chaji. Unasema tajiri wako wa huko Dubai amekuona ukiwanyoosha viungo wale kina mama, na sasa anataka uache kufagia ukumbi wake wa mazoezi, uwe mwalimu wa yoga kabisa, kwa mkataba mpya. Halafu mwisho ukaniuliza: "Mama, nirudi au nibaki? Usinijibu haraka. Pumua kwanza."

Unanijua. Mimi ni mtu wa kujibu kabla swali halijaisha. Ndiyo maana sikukupigia. Kwenye simu ningelia, wewe ungenisikia, na ungepanda ndege kwa sababu ya kilio changu. Basi nimekaa hapa kibarazani Kisenyi, unga wa chapati za kuuza umelala kwenye beseni chini ya kitambaa, naandika. Mwandiko ni ule ule wa darasa la nne, univumilie.

Unakumbuka siku ulipoleta ule mkeka wa zambarau? Ulikuwa unafanya usafi kule mlimani, kwa wenye magari, wakakupa mkeka wao uliochanika pembeni. Asubuhi nikaamka nakukuta umeinama juu yake, mikono chini, kiuno juu, na huko nje mafundi wa gereji wanagonga mabati. Nikasema huyu mtoto wameshamchukua, hii dini gani tena?

"Mama, nanyoosha mgongo tu."

"Mgongo wa juzi huo, umepindia wapi?"

Ulicheka mpaka ukaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hufanya analolijua. Kwangu mimi mkeka wa kuinamia ni wa kuswalia. Kila ukiutandika kuelekea dirishani, upande wa gereji, ukitoka kwenda kuoga mimi naugeuza uelekee kibla. Nikawa najiambia, kama ni kuinama, basi ainame kwa Mola wake. Ukirudi unaukuta umegeuka. Unanitazama, hunisemi, unapanda, unainama vile vile. Siku moja tu ndiyo ulilalamika: "Mama, huku nikirusha mguu nyuma naipiga teke sigiri ya makaa." Na kweli, chumba chetu kimoja, ungeunguza mguu kwa ajili ya imani yangu. Ulichofanya ni kuisogeza sigiri. Mkeka hukuugusa.

Na ile siku niliyotoka kliniki, nesi ameniambia presha imepanda, nikawa nahema kama nimekimbia kutoka Nateete. Uliniketisha kwenye kigoda, ukaniwekea mkono tumboni. "Vuta. Ngoja hapo hapo. Haya, achia." Nikakukaripia, nimepumua tangu sijakuzaa, leo unifundishe wewe? Ukasema, "Umepumua, mama. Ila hujawahi kukaa na pumzi yako." Nikaona maneno ya vijana hayo. Lakini mkono wako ulikuwa na joto, nikauacha pale pale.

Ulipoondoka mzigo ulizidi kilo, mkeka ukabaki nyuma ya mlango. Na mimi nikabaki na simu. Siku zile, mwanangu, sikuwa mtu. Nakanda unga huku natazama umeonekana mtandaoni saa ngapi. Sikuwa na subira ya kuuacha unga ulale, naukata hapo hapo, nasukuma, natupa kwenye kikaango. Wasswa, yule fundi wa breki, akaniinulia chapati mbele ya wenzake wote: "Mama Rehema, hii ni chapati au tairi? Niletee spana!" Wakacheka gereji nzima. Mimi nikacheka kwa mdomo tu.

Kisha asubuhi moja umeme ukakatika, simu haina chaji, hakuna cha kutazama. Unga uko chini ya kitambaa, na mimi niko juu ya kigoda. Nikaweka mkono tumboni, pale ulipouweka wako. Vuta. Ngoja. Achia. Rehema, nilidhani huo utulivu wako unataka chumba kitupu na kiyoyozi. Kumbe nyundo zinagonga, boda zinapiga honi, jirani anamgombeza mtoto, na mimi nipo katikati, natulia. Sikuwa Dubai kwa mawazo, sikuwa kesho. Nilikuwa nasubiri unga, basi. Chapati zilitoka laini, zinachanika kwa vidole viwili. Wasswa akala, akanitazama: "Eh, nyabo, bibi wee! Umeolewa usiku?" Nikamrushia kitambaa.

Tangu hapo naikuta kila mahali hiyo yoga yako. Nikichagua mchele, mkono unakwenda, jicho linafuata, kifua kinashuka. Nikitawadha, sasa nayasikia maji yakipita kwenye kifundo cha mkono, zamani nilikuwa nayamwaga tu. Na ile unayoiita mkao wa mtoto, paji la uso chini, si sijda hiyo? Nimeifanya maisha yangu yote, ila nilikuwa nainuka haraka niwahi wateja. Siku hizi nakaa kidogo. Nakuombea, nikimaliza kukuombea bado nakaa.

Lakini nisikudanganye kwamba nimepona. Ile chapati ya kwanza, ya kupimia moto, iliyopinda, si ilikuwa yako? Ulikuwa unaichukua kikaangoni inaunguza, unairusha mkono huu na huu, "wuu, wuu," mafuta mpaka kwenye kiwiko. Sasa naila mimi nikiwa nimesimama. Jioni nikisikia ndala za mtu uani, najua si wewe, na shingo inageuka hata hivyo. Hakuna pumzi ninayoijua ya kuizuia hiyo shingo.

Kwa hiyo ungeuuliza mdomo wangu, ungekuambia rudi. Rudi leo, rudi na hilo begi lako zito. Ndiyo maana nimeusubirisha.

Leo alfajiri nilikunjua mkeka wako nikaupangusa vumbi. Nikautandika kwa urefu wa chumba, na mkono wenyewe ukaanza kuugeuza, kama zamani. Nikaushika mkono. Mimi nina mswala wangu, na kibla nakijua. Huu ni wako. Nikaurudisha uelekee dirishani, ulivyokuwa unaupenda, nikasogeza sigiri ili hata ukirusha mguu usiungue. Kisha nikakaa juu yake, mimi mwenyewe na magoti yangu haya, natazama gereji. Sikujua kwamba kutoka hapo ulikuwa unaona kipande kizuri hivyo cha mbingu.

Baki, Rehema. Fundisha. Utandike mkeka wako upande unaoutaka wewe, na mimi sitakuwa nyuma yako kuugeuza.

Unga umeshalainika, naona kidole kinazama. Wacha nikawashe moto. Ya kwanza ni yako.

Mimi mama yako,
niliyepumua kwanza.