Karatasi Zako Nilizoanika na Mpunga

Babu,

Sasa hivi mwanangu Editha amebandua stempu kwenye bahasha yako moja, akaibandika kwenye kitovu. Nilipomtazama akashusha gauni, akajifanya anaangalia kuku. Sikumgombeza. Nimeitoa taratibu, nimeirudisha kwenye bahasha yake, na mtoto nimemweka mgongoni ili mikono isifike. Hukumwona huyu kitukuu wako. Alizaliwa miezi miwili baada ya kukuzika. Ana mwanya wako.

Msalaba wa mbao tumeuondoa, sasa upo wa saruji. Mjomba Remi ameujenga mwenyewe. Ndiye aliyeniruhusu mimi na Editha tukae humu nyumbani kwako Michenga, nifagie, nilinde karatasi zako. Ndiyo maana naogopa.

Leo watu wa maktaba ya chuo kikuu wanakuja kuzichukua. Barua ulizoandikiwa na waandishi wenzako, miswada yako, vyote vinakwenda Dar es Salaam kutunzwa. Mwezi uliopita alikuja kwanza dada mmoja wa hiyo maktaba. Akavaa glavu, akafungua viroba, akauliza, "Huu mpangilio ni wa mzee mwenyewe?" Mjomba akamjibu, "Mafuriko, dada. Maji yaliingia yakavuruga kila kitu." Akaandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Nikawamiminia chai.

Babu, hayakuwa maji. Nilikuwa mimi.

Maji yaliingia kweli, mwishoni mwa masika, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lakini sanduku lako la bati lilikuwa juu ya matofali, likalowa chini kidogo tu. Sasa unatujua sisi wa huku, kitu kikishaguswa na mafuriko lazima kitoke nje kianikwe. Watu wote walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubai kando ya barabara. Nami nikaanika mpunga wetu na karatasi zako, turubai moja. Vile vifungu vyako ulivyovifunga kwa ukindu nikavifungua vyote, nikisema visije vikavunda katikati. Nikawa nazigeuza karatasi kwa mguu, kama mpunga. Wingu likatokea upande wa Mahenge, kila mtu akakimbilia chake, nikazoa vyote pamoja nikashindilia kwenye viroba. Nyingi hazikuwa hata na unyevu tangu mwanzo.

Siku ile dada alipokuwa ananawa mikono nje, aliniambia barua ikikaa pamoja na mswada fulani, wanajua mzee alikuwa anawaza nini alipouandika. Alipoondoka nikavirudia vile viroba.

Maana anayejua kilivyokaa kila kifungu ni mimi peke yangu. Macho yako yalipokwisha ulikuwa unanituma, "Mke mdogo, niletee yule mbishi wa Tanga." Namleta, kifungu chote cha barua zake. "Sasa niletee yule wa kuumwa tumbo kila mwezi." Namleta na huyo. Nikianza kukusomea unanikatiza, "Soma kama unaongea na mtu, usisome kama unaita mahudhurio." Mimi niliishia darasa la saba, Babu, lakini mwandiko wako nausoma hata pale kalamu ilipokuwa inakata roho.

Basi tangu siku ile, Editha akilala mchana, nakaa chini napanga. Mbishi wa Tanga nimemkusanyia barua zake zote, yeye ana wino wa kijani na anaanza kugomba kabla ya salamu. Wa tumbo bado barua chache. Natoa punje za mpunga katikati ya kurasa, nyingine zimeacha alama.

Jana nimepata ukurasa wa kile kitabu ambacho hukukimaliza. Pembeni umeandika, "Hapa Anisia alicheka. Pasiguswe."

Nililia, Babu. Naikumbuka siku hiyo. Nilikuwa napeta mchele, ukanisomea habari za yule bwana harusi aliyeazima suti na mwenye suti akaja harusini. Nikacheka mpaka mchele ukamwagika, kuku wakala. Nilidhani unapoteza muda na mimi tu. Kumbe ulikuwa unaandika.

Kwa hiyo siwezi kunyamaza. Wakishaandika mafuriko itabaki mafuriko, na wasomaji wa huko mbele wataambiwa mpangilio wako ulipotea, wakati mimi ninao kichwani. Mjomba anaweza kukasirika kwamba nimemfanya mwongo mbele ya wageni. Anaweza kuniambia nitoke. Nitakwenda kwa mama yangu kule Malinyi, mwanamke na mtoto wake hawakosi pa kulala. Lakini huenda huyo dada akasema, kaa hapa, tuoneshe. Moyo wangu unaniambia atasema hivyo. Ana uso wa mtu anayesikiliza.

Lala salama, mume wangu mzee. Nakuahidi, hata wakinichukua mpaka huko Dar nikae siku ngapi, kila barua nitairudisha kwa wenzake, na pale nilipocheka hapataguswa. Nitalisema mbele ya Mjomba, si kwa siri. Nikitetemeka nitetemeke

Gari limesimama. Mjomba anaita, "Anisia, wageni hao, lete viroba." Naenda Babu, nitaanza kabla dada hajafungua daftari, nitamwambia, shikamoo dada, yale maji