Nguo za Jumapili Siku ya Jumatano

Jumatatu, 8 Septemba

Sijaandika tangu Pasaka. Niwie radhi, ewe daftari, ingawa najua ninaiomba radhi nafsi yangu. Goti liliniuma. Likapona. Kisha uvivu ukashika nafasi yake.

Nimefika kituoni mapema, kama kawaida. Uji ulikuwa mzito, wa kupendeza. Hiki kituo chetu cha malezi hapa Kware ni chumba kimoja tu nyuma ya kanisa. Akina mama huwaacha watoto humu waendapo viwandani. Kimejaa. Nekesa, jirani yangu, bado anangoja nafasi. Mwanawe hushinda ngazini kwa mama muuza makaa, na kikohozi hakimwachi. Asipopata nafasi ataacha kazi. Jambo hilo silitaki kabisa.

Jumatano tutapokea mgeni kutoka shirika la Kikristo la ng'ambo linalotusaidia. Tutaomba chumba cha pili.

Jumanne, 9 Septemba

Kikao cha kamati. Mzee Mutiso, mwenyekiti wetu, ni mtu mwema mwenye hofu nyingi. Amewaagiza akina mama wawalete watoto kesho wakiwa na nguo kuukuu. Eti mgeni akiona viatu vinang'aa, atakipeleka chumba kwingine. Nilipinga. Nikashindwa kwa kura. Nimekasirika.

Jumatano, 10 Septemba

Hakuna hata mmoja aliyetii. Watoto walikuja wamepakwa mafuta hadi wakameremeta. Magauni ya marinda. Tai. Nekesa naye aliomba ruhusa kazini, akamleta wake ndani ya suti iliyomfika magotini.

"Mama Brayo, si tulikubaliana?" Mzee Mutiso akamuuliza mmoja wa akina mama.

"Mlikubaliana nyinyi, Mzee. Kwani wewe ukiletewa wageni huwa unawapokea na vesti?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mzee akawaamuru warudi nyumbani kuwabadilisha watoto. Hawakusogea. Mgeni akatukuta papo hapo, tumekabiliana kama majogoo.

Jina lake Karin. Mama wa makamo, Kiswahili chake cha polepole lakini safi. Aliuliza kuna nini. Mama Brayo akamweleza yote, bila kumwonea mwenyekiti huruma. Mzee akatazama dari.

Karin hakucheka. Alisema shirika lao halihitaji kuonyeshwa matambara ndipo lisaidie. Kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na wao hawapigi picha ambayo mwenyewe angeona haya kuitundika ukutani kwake. Kisha akasema la kutushtua: fedha zilizopo zinatosha jambo moja tu, ama chumba cha pili, ama jiko na vyoo vipya. Yeye hatachagua. Kamati haitachagua. Akina mama watakaa Jumamosi waamue, na sisi wazee tutangoja nje.

Nje! Nimo katika kamati hii tangu kanisa likiwa la mabati. Nilikasirika hadi jioni. Baada ya chai nikaona ana haki.

Alhamisi, 11 Septemba

Mzee Mutiso alinipitia nyumbani. Anataka kikao kiwe cha akina mama ambao watoto wao wamekwisha kusajiliwa. Wanaongoja nafasi wasiingie.

Nikaona hatari. Wenye nafasi wanalalamikia vyoo, na wana sababu. Nekesa asipokuwamo, nani atakisemea chumba?

"Utaratibu ni utaratibu, Mwalimu," akasema.

"Mzee, ukiwauliza walioketi kama viti vinatosha, watakujibu nini?"

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wewe ungekuwa wakili, watu wangefungwa."

"Wenye hatia tu."

Amekubali. Wanaongoja wataingia wote. Nimelala mchana kwa furaha, jambo ambalo silifanyi.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya kituo. Mlango umefungwa. Karin naye yuko nje, anamtazama paka. Mzee Mutiso amenunua mandazi na kunipa kubwa zaidi. Hatukuzungumzia suti wala vesti.

Ndani, sauti zinapishana. Kwanza Mama Brayo, juu ya vyoo. Kila alichosema ni kweli. Kisha Nekesa. Alianza chinichini, nikatamani kuingia nimsaidie. Nikajizuia. Baadaye sauti yake ikapanda, na wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Hakuhitaji mwalimu.

Mimi nataka chumba. Sikuulizwa. Ajabu ni kwamba moyo wangu umetulia.

Mzee Mutiso ananong'ona kwamba wanachelewa. Nimemwambia sisi huchelewa zaidi, na huwa hatuna mengi ya kusema. Amecheka hadi makombo ya mandazi yakamwangukia kotini.

Kuna jua zuri. Wameanza kubishana upya, bila hasira. Wakisha kuamua nitaliandika hapa neno lao, hata likiwa vyoo.