Kombe Tulilolitwaa Bila Mkasi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na shemeji pia, na kwamba kile kikohozi chake cha asubuhi kimempa nafasi. Sisi huku, kwa upande wa mwili, hatujambo. Mama anatembea vizuri tangu abadilishiwe dawa ya presha, na bado anabishana na kila anayemwambia apumzike. Kiwandani barafu inatoka, ila mashine ya pili imeharibika tena, na fundi tuliyeletewa anaizunguka kwa heshima kama vile ni mkwe wake.

Habari za kombe najua zimeshakufikia. Redio ya huko bara haikututaja, lakini lini habari za kisiwani zimehitaji redio? Hata hivyo nataka uzisikie kwangu, moja baada ya nyingine, kwa sababu timu hii uliianzisha wewe. Wewe ndiye uliyezifungua zile barua tatu za wakubwa wa soka, zilizosema kisiwa chetu si nchi bali ni wilaya ya bara, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kucheza na taifa lolote. Siku ya barua ya tatu uliikunja ukaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inacheza, ukasema basi tutacheza na wengine waliokataliwa kama sisi. Tulikupigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Basi tulikwenda kucheza nao. Timu zilikuwa nane: visiwa vitatu, watu wa milimani wa aina mbili, timu moja ya wakimbizi, na wengine ambao mpaka leo sijaelewa wanatoka wapi, ila wanajua kupiga kona. Tulilazwa katika madarasa ya shule ya sekondari, magodoro yamepangwa chini ya ubao. Kocha wetu, yule yule dereva wa lori la maji, alilala kwenye dawati akaamka amepinda, na nesi wetu, beki wa kushoto, akawa anamkanda mgongo huku akimwambia aache kulia kama mtoto wa chanjo.

Mdogo wetu Mkasi alicheza, Dada. Wewe ulimwacha akiwa bado anapaparika na mpira. Sasa ana miaka ishirini na miwili, anatengeneza baiskeli pale sokoni, na miguu yake inapita kati ya mabeki kama jina lake. Mechi nne, mabao matano. Katika nusu fainali aliangushwa ndani ya kumi na nane, refa akapeta mchezo uendelee, naye akaupiga mpira akiwa bado amekaa chini, ukaingia. Alikimbia hadi kwa mashabiki wasiotujua kabisa, akajipiga kifua akipiga kelele, "Kisiwa hicho! Mmekiona?" Kocha alifuta macho akasingizia vumbi. Uwanja ulikuwa umelowa mvua.

Asubuhi ya fainali tuliitwa, mimi kama nahodha na Mkasi, katika ofisi ya mkuu wa shule. Katibu wa mashindano, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alitukaribisha viti na kutuuliza kama tumelala salama. Kisha akaeleza kwamba kuna bahasha imeletwa. Ndani yake mlikuwa na barua iliyopigwa chapa, haina sahihi, ikisema mchezaji namba tisa wa kisiwa si mzaliwa wa kisiwa wala hana mzazi wa kisiwa, na kanuni inataka kimojawapo. Pamoja na barua kulikuwa na nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto mchanga. Alimsogezea Mkasi ile karatasi, akamuuliza taratibu kama huyo aliyeandikwa hapo ndiye mama yake.

Mkasi alisoma jina akacheka. Alisema wamekosea, mama yake haitwi hivyo, wala hajawahi kufika huko kadi ilikotolewa. Akanigeukia ili nicheke naye. Sikuweza. Kicheko chake kikakatika katikati, akaniuliza, "Mbona hucheki?"

Unajua kwa nini sikucheka. Watu watatu tu duniani tulijua. Mimi nilikuwa na miaka tisa na wewe kumi na miwili, Mama akiwa mfagizi wa wodi ya wanawake, alipomleta nyumbani yule mtoto wa miezi minne ambaye mama yake alishuka melini akiwa mgonjwa na hakumaliza wiki. Mama alituketisha kando ya ukuta akasema huyu ni mdogo wenu, na atakayeuliza aambiwe nimemzaa mimi. Tuliapa. Wewe uliapa kwa sauti kunishinda.

Ile nakala ilikuwa na kona nyeusi chini. Kona hiyo niliiunguza mimi kwa pasi, nikiwa mtoto, nikijaribu kuinyoosha kadi kabla Mama hajagundua kwamba tumeichezea. Niliitambua mara moja. Kadi hiyo ilikuwa ndani ya kasha la bati kabatini kwa Mama, na kasha hilo tangu mwaka uanze limetoka nyumbani mara moja tu, ulipolichukua ukisema unatafuta cheti chako cha kuzaliwa.

Nilikupigia simu pale pale barazani pa shule. Nilitamani ukane, Dada. Nilikuwa tayari kukuamini hata kwa uongo mbaya. Hukukana. Ulisema umemsaidia, kwamba mara tatu umemwita aje kwenye timu ya bara unayoifundisha, timu inayotambulika, yenye madaktari na safari, na mara tatu amekataa kwa ajili ya kile ulichokiita mchezo wa kujifariji. Ulisema akishajua kwamba si wa kisiwa hatakuwa na sababu ya kukataa, na siku moja atakushukuru. Ulizungumza kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia. Hukuuliza hata mara moja yuko wapi wakati ule.

Alikuwa ngazini, amekaa, anafungua kamba za viatu vyake vya mpira, za mguu mmoja, kisha anazifunga, kisha anazifungua.

Kama barua hii ingekuwa ya kukulaumu tu, ningeishia hapa. Lakini kuna langu, na hujaambiwa na mtu, kwa sababu waliopo wamenistahi.

Katibu alitupa hiari mbili. Tujitoe wote, au tumwondoe Mkasi tucheze. Nesi alisema tufungashe magodoro twende nyumbani, tulikuja kumi na wanane na tutaondoka kumi na wanane. Wengine waliinamisha vichwa. Kocha alisema nahodha ndiye mwenye kalamu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja juu ya mahali pa sahihi, nao ulisema: "Nakiri kwamba mchezaji huyu si mmoja wetu." Niliusoma mara mbili, Dada. Nikatia sahihi. Niliwaambia wenzangu kwamba nafanya kwa ajili ya kisiwa, na wengi waliniamini. Ukweli ni kwamba nililitaka kombe. Nimekaa golini miaka kumi na mitatu nikitazama migongo ya watu, na nilitaka siku moja nilishike mimi.

Nililishika. Tulishinda moja bila, na niliokoa penalti dakika ya themanini. Tuliporudi, gatini watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya paa la ghala. Mkasi alishuka wa mwisho na begi lake, akapita pembeni ya ngoma na vigelegele, akaenda moja kwa moja nyumbani kumuuliza Mama.

Mama hakumficha. Alimwambia jina la yule mwanamke, kitanda alichokuwa amelazwa, na jinsi alivyofariki akiwa amemshika Mama kidole. Mkasi alisikiliza amesimama. Akauliza nani aliandika. Nikamwambia. Akauliza nani alitia sahihi. Nikamwambia hilo pia. Hakunitukana. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo," na kupita, mimi ambaye tangu utotoni aliniita Mlango kwa sababu ya kukaa golini. Kitambaa cha unahodha nimemrudishia kocha. Alikipokea akakitia mfukoni.

Sasa sababu ya kukuandikia. Mkasi anakuja huko kwa meli ya Jumamosi asubuhi. Haji kucheza, kwa hiyo usimtayarishie jezi. Anakwenda kuwatafuta ndugu wa yule mwanamke, na ameniomba anwani yako kwa sababu kadi yenyewe unayo wewe. Mpe mkononi mwake. Akikuuliza kwa nini, mjibu kama ulivyonijibu mimi, neno kwa neno, uone kama utaweza ukiwa unamtazama usoni.

Msalimie shemeji sana, na jirani yako mshonaji. Nesi anakusalimu, kocha amesema hana salamu kwa sasa. Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kwa niaba yake. Alisema niandike kwamba ana watoto watatu, kama alivyowaambia watu siku zote.

Ni mimi mdogo wako,
anayekufuata kuzaliwa